Boti ya mikoko Bagamoyo, nendeni maji yakianza kupwa

Jamani mkifika Bagamoyo msiishie magofu ya Kaole tu, chukueni boti mpaka kwenye mikoko mto Ruvu unapoingia baharini. Kijana anayeongoza anaijua kazi yake aisee. Alizima mashine akatuonyesha kaa anaburuta jani la mkoko mpaka shimoni kwake, akasema hapo ndo msosi unaanza, jua limelijenga lile jani, kaa anakula, mabaki wanayashika bakteria, kamba wanapata chao, samaki wanakula kamba, na kila hatua ni kama asilimia 10 tu ya nishati inapita, nyingi inapotea kama joto, ndo maana kaa wamejaa kibao ila tai anayekula samaki unamwona mmoja mmoja. Nishati ikishatoka hairudi, ila naitrojeni na fosforasi zinazunguka zinarudi kwenye mizizi. Hata ile harufu ya mayai viza kwenye tope akaielezea, ni bakteria wanaoishi bila oksijeni. Nilifurahi mno, shuleni tulikariri mishale ya mchoro wa nani anamla nani tu!

Bei mnaelewana. Ila majaketi ya kuokolea hayakutosha na watoto walikuwepo, hilo warekebishe haraka sana. Vaeni raba za zamani, ndala zinabaki topeni.