TAHADHARI: Polima ya maji taka iliyochanganywa na chumvi inazungushwa viwandani Dar

Wakuu mnaosimamia mitambo ya maji taka, kuanzia Chang'ombe na Barabara ya Nyerere mpaka Ubungo, Mikocheni na Mbagala: kuna vishoka wanazunguka na magunia ya polima ya unga (kemikali ya kushikanisha tope ili litengane na maji), yale ya kilo 25, na sehemu kubwa ya kilichomo ndani ni chumvi. Kiwandani kwetu yameshaingia. Jina la muuzaji siliweki hapa kwa sababu suala liko mikononi mwa wanaohusika, ila mbinu yake naieleza yote.

Anakuja kijana mstaarabu, shati limepigwa pasi, mkononi ana kifuko cha sampuli. Sampuli ni polima halisi. Mnaijaribu kwenye glasi, tope linashikana mabonge, maji juu yanabaki meupe, kila mtu anaridhika. Anaomba nusu ya malipo kabla ya mzigo. Mzigo wenyewe unashushwa jioni, mtu wa stoo ameshashika funguo anataka kwenda zake. Ukifungua gunia, juu kuna polima safi kina cha kiganja hivi. Mchezo uko chini ya hapo.

Na msitegemee bei iwashtue. Hawa hawauzi nusu bei. Wanashusha kidogo tu, kiasi cha mtu wa manunuzi kufurahi bila kujiuliza maswali.

Mzigo huu ukishaanza kutumika, dalili zake zinadanganya. Mwendesha mtambo anaongeza dozi, tope linatoka kwenye mashine ya kukamua bado lina maji, kitambaa cha mashine kinaziba. Wa kwanza kulaumiwa ni pampu, kisha idara ya rangi, kisha bakteria wa kwenye tangi. Kwetu aliyeshtuka mapema ni dada wa usafi. Unga ulimwagika, akadeki, akasema leo sakafu haitelezi. Yeyote aliyewahi kukanyaga polima halisi iliyolowana anajua ni hatari kiasi gani, na yeye alikuwa anaiogopa kuliko sisi wote.

Kupima hakuhitaji maabara kubwa. Chukua unga katikati ya gunia na chini kabisa, usichote juu. Bomba refu la plastiki lililokatwa mshazari linatosha kuchomekea. Pima gramu 2, nyunyiza polepole kwenye lita moja ya maji huku unakoroga taratibu, acha kama saa moja. Polima halisi yenye molekuli kubwa itafanya maji yawe mazito, ukiinua kijiti inavutika kama mlenda. Iliyojazwa chumvi inayeyuka haraka mno na kubaki nyepesi. Mwenye kifaa cha kupima jinsi maji yanavyopitisha umeme aanze kupima maji yenyewe kabla ya kuweka unga, kisha myeyusho. Gramu moja ya chumvi kwenye lita moja huongeza takribani maikrosimensi 2,000 kwa sentimita. Polima nayo hupandisha kidogo, kwa hiyo linganisha na gunia la zamani unaloliamini, lililopimwa kwa kiasi kilekile. Kuna wanaotumia nitrati ya fedha kutafuta kloridi, ambayo ni sehemu ya chumvi. Kwa polima ya katayoniki, yaani yenye chaji chanya, kipimo hicho kitakupotosha, maana nyingi zina kloridi yake ya asili hata zikiwa safi.

Lipo pia kosa la pili, na hili ni gumu kuliona kwa macho: gunia limeandikwa katayoniki, ndani ni anayoniki, yaani yenye chaji hasi. Anayoniki ina kazi yake, hasa baada ya shabu au PAC (polialuminiamu kloridi) kukusanya uchafu. Lakini tope la kibayolojia, lile la bakteria wa kwenye tangi, lina chaji hasi na huhitaji katayoniki, kwa kawaida kilo 2 hadi 10 kwa tani ya tope kavu. Ukiliwekea anayoniki peke yake unamwaga hela. Kulijua ni rahisi: changanya kidogo myeyusho wa gunia jipya na myeyusho wa katayoniki unayoiamini. Zikiganda papo hapo na kutoa nyuzi nyeupe, ya gunia jipya si katayoniki.

Wapo watakaosema chumvi haina madhara, basi tu dozi iongezwe. Chumvi haikamatwi na mtambo huo. Inapita yote mpaka kwenye maji mnayotoa, na tope lisiloshikana linapita nayo. Kiwango cha Tanzania kwa maji yanayotoka viwandani ni miligramu 30 za BOD (oksijeni ambayo bakteria hutumia kuozesha uchafu), 60 za COD (oksijeni inayohitajika kuuvunja uchafu kwa kemikali) na 100 za chembe zinazoelea kwa kila lita. NEMC, baraza la taifa la mazingira, wakija kuchukua sampuli hawatamuuliza muuzaji. Halafu kuna suala la akrilamaidi, kemikali ambayo polima hii hutengenezwa nayo. Tangu 1994 shirika la utafiti wa saratani la IARC limeiweka kundi 2A, yaani inaelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Polima nzuri huwa na mabaki yake chini ya asilimia 0.1. Mtu anayejaza chumvi kwenye gunia sitegemei kama aliangalia hilo.

Kuhusu karatasi: cheti cha ubora alichotuletea kilikuwa fotokopi, na namba ya mzigo kwenye cheti haikufanana na iliyo kwenye gunia. Wafanyabiashara wa kemikali za viwandani wanapaswa kusajiliwa na Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya sheria ya 2003, kwa hiyo thibitisheni usajili huko kwa Mkemia Mkuu, si kwa simu anayowapa muuzaji. Daini risiti ya EFD. Na kwenye oda andikeni wazi kwamba malipo yatakamilika baada ya magunia kupimwa langoni, kila gunia, kuanzia chini.

Kama mnao mzigo wa namna hii stoo, msiumalizie kwenye tangi. Wekeni pembeni magunia mawili matatu yakiwa yameshonwa vilevile, na lebo zake, maana mkaguzi atayahitaji. Aliyekutana nao upande wa Mbagala naomba aandike hapa chini tu namba ya mzigo iliyoko kwenye gunia, tulinganishe na yetu.