Punje za mwani za kuondoa floraidi: nilivyoziona kwenye maji ya Meru

Kwa maji ya visima vya miteremko ya Mlima Meru, Arusha, punje hizi za kuchuja floraidi zinafanya kazi, ila si zile zilizogandishwa kwa kalsiamu peke yake. Aljinati, yaani ule utomvu wa mwani unaofanya punje, ina chaji hasi, floraidi nayo hasi, kwa hiyo mwani mtupu haushiki kitu cha maana. Kinachoshika ni metali iliyofungwa ndani: alumini, zirkoni au lanthani. Muuzaji asiyeweza kukutajia metali yake, achana naye. Tena, mwani unaolimwa Paje na Jambiani hutoa karajini, utomvu wa aina nyingine. Aljinati hutoka kwenye mwani wa kahawia.

Za kutengeneza mwenyewe nazipendelea. Gramu 20 za sodiamu aljinati kwa lita moja ya maji laini, unga ukinyunyizwa kidogo kidogo huku unakoroga, la sivyo hufanya mabonge. Uache usiku kucha mapovu yatoke. Dondosha kwa sirinji kwenye maji yenye gramu 30 za kalsiamu kloridi kwa lita. Punje zikiota mkia, uji ni mzito mno au sirinji iko chini mno. Baada ya saa chache suuza, kisha loweka kwenye alumini kloridi. Shabu nayo ina alumini na ni rahisi kupata, lakini salfeti yake ikikutana na kalsiamu huacha utando mweupe wa jasi unaoziba vitundu. Suuza sana, maana maji ya kwanza hutoka machachu. Usizikaushe, zikisinyaa hazirudi zilivyokuwa.

Shida kubwa ni maji yenyewe. Ya Meru yana sodiamu na bikaboneti nyingi. Sodiamu huingia mahali pa kalsiamu, punje zinavimba, zinalainika, na bomba la PVC ulimozijaza linaziba hata kabla nguvu yake haijaisha. Bikaboneti nayo hupandisha pH, wakati alumini hushika vizuri kati ya 5.5 na 7. Shusha pH kwanza, ila si kwa ndimu: asidi yake huivuta alumini na kuitoa kwenye punje, mwishowe unainywa.

Kwenye kupima ndiko wengi wanadanganyika. Alumini iliyovuja hujifunga na floraidi, na elektrodi ya kupimia floraidi haioni iliyofungwa, hivyo unasoma 0.8 ilhali maji yako juu ya kikomo cha WHO cha miligramu 1.5 kwa lita. Tumia bafa (mchanganyiko wa kutuliza pH) yenye CDTA, kemikali inayoshika alumini na kuiachia floraidi kwanza, halafu pima na alumini pia.

Joto likizidi, punje hufanya utelezi na kunuka, kwani aljinati ni chakula cha bakteria. Kwa matumizi ya nyumbani bado naweka mkaa wa mifupa mbele: haulainiki, na fundi anajua kuubadilisha. Punje nazipa nafasi ya pili, baada ya mkaa, kwa maji ya kunywa na kupikia tu. Zilizochoka zisitupwe karibu na kisima.