Impakti ya elfu 28 toka Kariakoo: chuma safi, biti kimeo

Wakuu, hii naandika kwa wale tunaofungua pikipiki wenyewe uani Jumapili huku majirani wanatuona hatuna kazi. Nimenunua impakti ya mkono, ile bisibisi nene ya chuma unaipiga nyundo kisogoni yenyewe inazungusha skrubu, nimekaa nayo miezi mitatu sasa, nikaona niseme nilichokiona kabla hamjaenda kumwaga hela.

Kwanza mjue kwa nini niliitafuta. Nina Honda CG125 ya zamani, ya mzee, ile yenye bati linalofunika cheni yote, injini ya fimbo za kusukuma valvu haina cheni ya taimingi, Honda walianza kuitoa 1976 na hizi injini za Kichina tunazoendesha leo nyingi zimechukuliwa humo humo. Ilikaa stoo Kigamboni miaka, na wa Kigamboni mnajua upepo wa chumvi unavyofanya kazi, geti la juzi tu leo lina kutu. Nikaifufua ikawaka vizuri ila klachi inateleza, yaani ukitoka kwenye pantoni ukianza kupandisha ule mwinuko injini inalia kama inaenda Morogoro na pikipiki haisogei, wenye ndoo za samaki wanakupita kwa miguu. Aibu.

Sasa kufika kwenye klachi lazima uvue kava la kulia, na kava la hizi za zamani limefungwa kwa skrubu za nyota, sio bolti. Skrubu za chuma ndani ya alumini, miaka yote hiyo, na chumvi juu yake, zinashikana kama zimechomelewa. Halafu kuna fundi maiko alishapita kabla yangu, maana nilikuta tatu zimeliwa vichwa zimebaki na shimo la duara kama kitovu. Nikasema wacha nijaribu na mimi kwa bisibisi yangu ya buku tano, nikala ya nne. Sijifichi, ya nne ni yangu.

Hapa kuna kitu nilichelewa kukijua na kimenigharimu. Nyota ya skrubu za Mjapani sio nyota ya bisibisi nyingi zinazouzwa hapa mjini. Zinafanana kwa macho, ila ya Mjapani ina kiwango chake kinaitwa JIS, na ukiingiza bisibisi ya kawaida ya Phillips ncha yake inagusa chini kabla mabawa hayajakaa sawasawa kwenye mfereji, kwa hiyo ukikaza mkono inapanda juu inateleza, na kila ikiteleza inakula. Skrubu nyingine za JIS zina kidoti kidogo pembeni ya kile kimsalaba, ukikiona tu weka bisibisi yako chini kwanza ufikirie. Ukikosa bisibisi ya JIS chukua ya kawaida, ipeleke kwenye jiwe la kunolea uikate ncha kidogo sana, kama milimita tu, itashuka zaidi na kushika. Vessel wa Japani wanatengeneza bisibisi zenyewe kabisa za JIS, hadi moja ya kushika mkononi yenye impakti ndani yake, hiyo ukipata ndugu anakuja toka huko mwagize, mi bado sijampata ndugu.

Basi nikavuka, nikaenda Kariakoo pande za Gerezani, nikaingia duka la vifaa. Jamaa akaanza na 35.

"Bosi hii orijino."
"Orijino ya wapi?"
"Orijino ya China."

Nilicheka nikampa 28 akapokea. Duka silitaji kwa sababu ntakayosema hapo chini.

Mzigo wenyewe unakuja kwenye kiboksi cha bati chekundu. Ndani kuna mwili wa impakti, mzito, ukiushika unajua umeshika chuma, mbele una mraba wa nusu inchi kwa hiyo unaweza kuvalisha hata boksi spana ukitaka, japo msivalishe zile za kung'aa za krom maana zinaweza kupasuka, tafuta nyeusi za impakti. Kuna kishikio cha biti, zile ncha za kubadilisha unazochomeka mbele, na biti zenyewe sita. Nilivyofika nyumbani nikakuta mbili ni saizi ile ile na bapa kubwa iliyochorwa kwenye boksi haipo. Nikarudi Jumamosi yake, nauli ya pantoni na daladala juu, naambiwa "bosi, mzigo ukishatoka dukani ndo umetoka". Haya. Fungueni boksi mkiwa bado kaunta, hesabuni.

Inavyofanya kazi ni rahisi ila watu wengi wanaikosea. Unachagua upande kwanza, unashika kichwa cha mbele unakizungusha kushoto kwa kufungua, kwangu hii sehemu ilikuwa ngumu ikabidi niifungue niipake grisi, ikalainika. Unasimamisha biti wima kabisa kwenye skrubu, halafu, na hapa ndo wengi wanapopotea, unaizungusha kwa mkono kuelekea upande wa kufungua mpaka igote, unaishikilia hivyo hivyo imejikaza ndo unapiga. Ukipiga ikiwa imelegea nusu ya pigo inaishia kula uwazi wa ndani, skrubu haisikii kitu. Ndani kuna njia za mshazari, pigo linasukuma chini na wakati huo huo linageuza, kwa hiyo biti haipati nafasi ya kupanda juu na kuteleza, inazidi kuzama. Kila pigo inageuka kidogo tu, kama mshale wa dakika unavyosogea dakika mbili tatu. Basi. Unachosikiliza ni sauti, mwanzoni inalia "ka" kavu, skrubu ikiachia inalia "tak" tofauti kabisa na mkono unahisi, ukishaisikia hiyo weka nyundo chini malizia na bisibisi.

Nyundo iwe ya maana. Nilianza na ile ya misumari inarukaruka tu, nikaazima ya kilo moja kwa fundi ujenzi wa jirani, pigo moja moja la kushuka, sio kugonga kama unapigilia picha ukutani. Vaa miwani, chuma kigumu kikigongana na chuma kigumu vipande vinaruka, na vaa glavu maana mwili wake hauna mpira wowote na ukikosea nyundo unajua mwenyewe unaipiga wapi. Mke wangu alitoka akaniangalia akasema, "Baba Rama, leo mnavunja au mnajenga?" Nikamwambia tunafungua. Akarudi ndani.

Matokeo: skrubu zote ziliachia isipokuwa mbili, hata zile zilizoliwa. Zile zilizoliwa nilifanya hivi, nilizipaka WD-40 usiku nikalala, asubuhi nikaweka kipande cha chuma juu ya kichwa nikapiga wima mara mbili tatu kuushtua ule uzi, halafu nikatia kwenye nyota pesti ya kusagia valvu, ile yenye mchanga mchanga, biti ikashika kama ina gundi. Hii ya pesti aliyenifundisha ni mzee mmoja wa mashine za kusaga, mashine za unga sio pikipiki, na ndo imeniokoa kuliko vyote.

Zile mbili zilizokataa, moja niliitoa kwa tindo, unaweka ukingoni mwa kichwa unagonga kwa mshazari kuelekea kufungua. Ya pili ilikuwa ya chini nyuma, nikatoboa kichwa kwa drili ya milimita 6 kikaruka, kava likavuka, kikabaki kijiti kimesimama nikakikamata na vaisigripu, ile koleo inayojifunga, kikatoka kama utani, maana kikishakosa kichwa cha kukibana hakina tena nguvu. Ningejua ningeanza na hiyo.

Sasa lawama. Biti. Jamani biti. Mwili wa hii kitu nampa 9 kwa 10, nimeupiga sana na haujatikisika, ila biti zilizokuja nayo ni kama zimetengenezwa na mtu mwingine anayemchukia aliyetengeneza mwili. Ya nyota namba 2 ilijikunja mabawa kwenye skrubu ya tatu, nikaangalia ncha imekuwa kama penseli imetumika mwaka mzima. Namba 3 ndo inayokaa kwenye skrubu za kava la hii Honda na hiyo ilivumilia hadi ya saba hivi ikaanza kumomonyoka. Nikaenda kununua biti moja peke yake, namba 3, chuma kizuri, elfu 6, hiyo mpaka leo iko vile vile. Kwa hiyo hesabu ya kweli sio 28, ni 34 na nauli. Na bado kwa hela hiyo nainunua tena, kwa sababu nilishaambiwa gereji "hilo kava tuvunje tu ununue lingine" na kava la CG ya zamani zima sio kitu unachokuta kila duka.

Angalizo: msiipige kila mahali. Kava la alumini ambalo chini yake hakuna kitu linaweza kupasuka, injini iwe imekaa imara kwenye fremu. Kule ndani kwenye ncha ya krenki, ile shafti kuu ya injini, kuna kile kikombe cha kuchujia oili, kina kifuniko cha skrubu tatu, hapo nyundo sikuigusa, unapiga krenki na beringi zake moja kwa moja. Niliweka ile biti mpya nikaegemea kwa uzito wote nikageuza taratibu, zikatoka. Na mkifika hapo kifungueni kweli, hii injini haina filta ya karatasi, uchafu wote mzito unarushwa kwenye ukuta wa kikombe na mzunguko. Changu kilikuwa na tope jeusi limegandamana unene wa sarafu, nililikwangua na kijiti cha aiskrimu linatoka vipande kama masizi ya sufuria. Oili ilikuwa inapita humo.

Na impakti sio ya kukazia, ina upande wa kukaza ila uacheni. Skrubu za M6, yaani za unene wa milimita 6, zinataka kama Nm 10 tu, ni sawa na kuning'iniza kilo kumi kwenye spana ya sentimita kumi, ukipiga nyundo unaua uzi wa alumini. Mi nimezitupa skrubu zote nikaweka bolti za alenkii, zile zenye shimo la pembe sita, na grisi ya shaba kidogo kwenye uzi. Urefu haulingani, kwa hiyo kabla hujatoa hata moja chora kava kwenye boksi la biskuti, toboa matundu, kila ikitoka ichomeke mahali pake.

Gasketi mpya, pleti mpya za klachi, oili karibu lita moja, nikapanda ule mwinuko wa pantoni na mke nyuma na gunia la mkaa bila kulia.

Tatizo lililobaki ni kwamba vijana wa kijiweni waliona. Kwanza walikuja kucheka, "kaka si upige tindo tu", halafu mmoja Boxer yake ikagoma skrubu ya kava, akaja "bro niazime dakika tano". Hiyo ilikuwa Jumanne ya wiki juzi. Kila nikipita naikuta kwa mtu mwingine, biti ya elfu 6 ipo, boksi jekundu halipo.