Tamasha la kufunga msimu la okestra ya jamii: sikiliza pale panapokuwa kimya

Nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeinyima kwa sababu ya hotuba, na nitaeleza hotuba inavyoweza kuharibu sauti ya tromboni.

Hii ni okestra ya watu wasiolipwa, wanaofanya mazoezi jioni baada ya kazi zao. Ukitaka kuijua okestra ya namna hii, usiipime pale inapovuma. Wote wakipiga kwa nguvu, makosa yanamezana. Ipime pale wanapobaki watu wanne watano wenye sauti ndogo na hawana pa kujificha.

Programu ilikuwa hivi: utangulizi wa Egmont wa Beethoven, kama dakika 9, Konseto ya Klarineti ya Mozart, K. 622, karibu dakika 28. Mapumziko ya dakika 20. Kisha Simfoni Na. 9 ya Dvořák, "Kutoka Ulimwengu Mpya", dakika 40 na ushee. Ukiongeza muda wa kutyuni, yaani kulinganisha sauti za ala, na kupanga viti, tenga saa mbili.

Egmont inafunguka kwa noti moja, F, inayoshikwa na okestra nzima. Ilitoka kwa mafungu mawili: besi zikatangulia, fidla zikafuata. Hilo hutokea mwongozaji anapotoa ishara kubwa bila kuvuta pumzi kabla yake. Kila mpigaji anamsubiri jirani aanze. Baada ya hapo walitulia, na pikolo, ile filimbi ndogo ya sauti kali, pale mwishoni ilipenya bila kuchoma masikio.

Mozart ndiye aliyenishangaza. Konseto hii haina oboi hata moja: ni filimbi 2, basuni 2, horni 2 na ala za nyuzi. Kwa kawaida oboi ndiyo inayotoa A ya kutyunia, kwa hiyo zikitoka jukwaani lazima ijulikane nani anatoa noti hiyo. Hapa waliichukua kwenye klarineti ya mpigaji mkuu mwenyewe, na ni uamuzi sahihi, maana yeye ndiye atakayesikika nusu saa nzima. Pia walipunguza fidla za kwanza kutoka 10 hadi 6. Okestra nyingi za jamii haziwi na moyo wa kuwaambia watu wapumzike, matokeo yake klarineti inazama kila inaposhuka chini.

Na inashuka kweli. Mwaka 1791 Mozart aliiandika kwa ajili ya Anton Stadler, ambaye klarineti yake ilikuwa na noti za chini zaidi kuliko klarineti ya kawaida. Nota za mkono wa Mozart zilipotea, na matoleo yanayotumika zaidi yamepandisha vipande hivyo juu ili vipigike kwenye klarineti ya A ya kawaida, ambayo ndiyo iliyotumika hapa. Ukisikia mstari unateremka kama ngazi halafu ghafla unaruka juu, usimlaumu mpigaji, ngazi imekatwa. Katika sehemu ya pili, wimbo uliporudi, alipiga kwa sauti ndogo kiasi kwamba vidole vilisikika vikigusa funguo. Nyuzi zilimfuata huko huko chini. Kwa watu wasiolipwa, hicho ni kiwango cha juu sana.

Sasa hotuba. Shukrani za mwisho wa msimu ni haki yao, lakini ziliwekwa baada ya mapumziko, okestra ikiwa imeshatyuni, na zilichukua dakika 11. Ala za kupuliza hushuka sauti zikipoa, takriban senti 3 kwa kila digrii moja ya selsiasi (senti ni kipimo cha urefu wa sauti; nusu-toni, hatua ndogo kabisa kwenye piano, ina senti 100). Hewa ndani ya tromboni ikipoa kwa digrii 5, umeshapoteza senti 15. Nyuzi hazishuki nazo. Chini ya taa za jukwaani zina tabia zake nyingine kabisa. Ongeza kwamba tromboni na tuba hazina kazi katika Egmont wala Mozart, na tuba ya Dvořák hupiga katika sehemu ya pili tu. Yaani mpigaji tuba alikaa na chuma baridi mapajani tangu mazoezi ya mchana, na noti yake ya kwanza ikawa ndani ya zile akodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) za kufungulia Largo, yaani sehemu hiyo ya pili, ambazo ni za polepole, za sauti ndogo, na kila mtu ukumbini anazisikiliza. Zilitoka zimeshuka. Dawa ni rahisi: kupuliza pumzi ya moto ndani ya ala, bila kutoa sauti, dakika moja au mbili kabla ya kuingia. Na hotuba zihamishiwe kabla ya mapumziko.

Aliyepiga kor anglee, ala ya jamii ya oboi yenye sauti ya chini zaidi, aliokoa hali. Alikuwa mtu wa tatu aliyekaa na ala hiyo peke yake, si mpigaji oboi anayebadilisha ala haraka haraka, kwa hiyo mwanzi wake, ule wa kupulizia, ulikuwa na unyevu na sauti ilitoka duara tangu noti ya kwanza.

Mwisho wa Largo una mtego mwingine. Akodi ya mwisho Dvořák aliwaandikia besi peke yao, zimegawanywa kwa sauti nne, nao walikuwa na besi tatu tu. Sauti ya juu walimpa mpigaji selo mmoja. Bila kumtazama upinde wake usingejua.

Skerzo, sehemu ya tatu, ilikimbia kuliko uwezo wa fidla za pili, yatosha. Katika sehemu ya nne ala 9 za shaba zilielemea nyuzi, kama ilivyotarajiwa kwa viola 4. Pigo moja tu la matoazi lililomo katika simfoni nzima lilipigwa kwa adabu inayotakiwa; wengi hudhani ni la kelele.

Kuhusu kiti: achana na safu tatu za mbele, utasikia fidla mbili zilizo karibu yako na mtu anayegeuza kurasa. Chini ya roshani sauti hufifia. Theluthi ya pili ya ukumbi, katikati, ndipo shaba na nyuzi zinapokutana vizuri.

Na usipige makofi mapema. Simfoni hii haimalizikii kwenye kishindo: baada ya kishindo, ala za kupuliza hubaki zimeshika akodi ya E meja inayofifia hadi kutoweka. Mwongozaji alikuwa bado ameinua mikono, akodi ikiwa nusu ya safari, mtu wa roshani alipoanza kushangilia.