Lenzi ipi ununue kwa taa ya baiskeli ya kujiundia

Wengi wanaojiundia taa ya baiskeli humaliza hela kwenye LED na betri, lenzi wakachukua yoyote iliyopo. Ndiyo unakuta taa ya lumeni elfu moja inamulika miembe na macho ya watu, na shimo lililo mbele ya gurudumu halionekani. LED tupu humwaga mwanga kwa upana wa nyuzi 120 hivi. Kuufikisha barabarani ni kazi ya lenzi, kwa hiyo bajeti ikibana, punguza LED moja, lenzi usiiguse.

Namba moja kwangu ni lenzi ya TIR ya duaradufu. TIR ni zile koni ndogo za plastiki angavu zinazovalishwa juu ya LED. Za milimita 20 ndizo nyingi. Chukua inayoandikwa nyuzi 10 kwa 40 au karibu na hapo. Umbali wa mita 10 mwanga wake unatanda zaidi ya mita 7 kwa upana, lakini kwenda juu haufiki hata mita 2. Unaona kingo zote mbili za njia, na mwenye bodaboda anayekuja hakutukani. Ila itazame usoni kabla ya kuibana: ina mistari midogo ya mawimbi. Mistari hiyo isimame wima, ndipo mwanga ulale kulia na kushoto. Ukiifunga kwa ubavu, utamulika matawi na tairi lako.

Ya pili ni TIR ya duara, nyuzi 25. Hiyo haina kulia wala kushoto, hukosei kuifunga. Kwa mita 10 inatoa duara la mita 4 na nusu hivi, inatosha kwa mwendo wa kawaida mjini. Ya nyuzi 10 peke yake siipendekezi. Inafika mbali, lakini kwenye kona inakuacha gizani. Iweke kama LED ya pili, pembeni ya duaradufu.

Rifleta ya tochi, yaani kile kikombe king'aavu kinachozunguka LED, naipa nafasi ya tatu, kwa bei tu. Katikati inatoa doa kali, pembeni mwanga unamwagika kila upande, na sehemu kubwa yake inapanda juu. Kama ni ya alumini, tia washa (kipete bapa) ya plastiki chini yake, maana ikigusa sehemu zilizochomelewa waya inapiga shoti.

Ya mwisho ni lenzi mbinuko, ile iliyovimba katikati, ya zile tochi za kuvuta. Ukutani inapendeza: mraba mweupe, safi. Huo mraba ni picha ya chipu yenyewe, na mwanga mwingi umeshapotelea ndani ya kasha. Achana nayo.

Nyuzi zilizoandikwa kwenye lenzi ni za LED fulani. Lenzi iliyopimwa kwa LED ya aina ya XP-G, yenye upana wa milimita 3.45, ukiiweka juu ya XM-L ya milimita 5, mwanga unapanuka na mara nyingine kiti chake hakiingii kabisa. Kwa hiyo nunua lenzi na kishikio chake pamoja, cha LED uliyo nayo. Kishikio ndicho kinachopanga kimo, na kosa la nusu milimita tu linaweza kukuletea pete nyeusi katikati ya mwanga. Ukiwa Luthuli Avenue, Nairobi, au Kariakoo, Dar es Salaam, na muuzaji hajui nyuzi, mwombe uijaribu ukutani palepale.

Kwenye kubandika, supaglu hapana: moshi wake unaacha ukungu mweupe kwenye lenzi na hautoki. Tumia gundi ya epoksi kidogo miguuni mwa kishikio. LED nayo iwe imekaa juu ya alumini ya kutosha, kwa sababu lenzi nyingi ni za akriliki, nayo hulegea joto likikaribia nyuzi 100.

Kufunga: usukani ni bora kuliko helmeti, kwani taa ikiwa chini ya macho shimo linapata kivuli na unaliona. Simamisha baiskeli mita 5 kutoka ukutani, sakafu iwe sawa. Taa ikiwa mita 1 kutoka chini, kitovu cha mwanga kiguse ukuta kwenye sentimita 75. Hapo kitatua barabarani mita 20 mbele. Ukienda polepole kwenye njia mbovu, shusha hadi sentimita 50, kitue mita 10.