Plasta Ipi Ununue ya Kumfunga Mbwa au Paka Kidonda

Plasta inayokufaa wewe inaweza kumtesa mbwa. Gundi yake hunasa manyoya badala ya ngozi, na siku ya kuibandua mnyama hunyofolewa nywele, nawe unaweza kung'atwa. Ndiyo maana ninayoiweka ya kwanza haina gundi ya kushika mwili.

1. Bandeji inayojishika yenyewe
Ina mikunjo midogo na huvutika. Hushikana yenyewe kwa yenyewe, ila manyoya haiyagandi. Madaktari wengi wa mifugo wanaijua kwa jina la Vetrap, lakini zipo za kampuni nyingine. Ukiikosa kwenye duka la dawa za mifugo, ulizia duka la vifaa vya michezo, maana wachezaji nao huitumia. Paka na mbwa mdogo wanatoshwa na upana wa sentimita 5. Mbwa mkubwa mchukulie 7.5 au 10.

Ubaya wake ni huo huo uvutikaji. Ukiizungusha huku unaivuta, itaendelea kuubana mguu hata ukishamaliza, na damu ikizuiwa mnyama anaweza kupoteza mguu kwa jeraha lililokuwa dogo. Kwa hiyo ikunjue kwanza kutoka kwenye roli, iache ilegee, ndipo uizungushe, ukianzia chini ya mguu kupanda juu, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Vidole vyako viwili vipenye chini yake. Ncha za vidole vya kati vya mnyama ziache nje uzikague: vikivimba, vikipoa au vikitanuka, fungua hapo hapo, hata iwe usiku wa manane.

2. Plasta nyeupe ya kitambaa (zinki oksaidi)
Rahisi kupatikana, na inashika kwelikweli. Mimi ningeitumia kwa kazi moja tu: kipande kifupi pembeni, nusu juu ya bandeji na nusu juu ya manyoya, ili bandeji isiporomoke. Kuibandua, paka mafuta ya kula kidogo usubiri. Mbwa mtafunaji usimwachie peke yake, kwani zinki ikimezwa inaweza kumdhuru.

3. Plasta ya karatasi
Aina ya Micropore ni mpole, ila ikilowa tu inaachia. Inafaa pale daktari aliponyoa, kushikilia shashi. Kwa mguu unaokanyaga umande, umetupa hela.

Seloteipu na teipu ya umeme usiziguse. Hazipitishi hewa, na unyevu na usaha hubaki humo humo.

Yoyote utakayochagua isiguse kidonda. Chini yake iwepo shashi safi, kisha pamba, kwa hiyo usimalize bajeti kwenye plasta. Osha kwanza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko cha chai cha chumvi kilichosawazishwa. Spiriti iache. Badilisha kila siku, na papo hapo bandeji ikilowa au ikinuka.

Kidonda cha kung'atwa usikifunge kabisa, maana meno hupeleka uchafu ndani na kuuziba huleta jipu. Vaa glavu, kioshe kwa maji mengi na sabuni, umpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo pamoja na kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa.