Nimeunganisha Zoom na kengele ya michango kwa kutumia Make, haya ndo niliyoyaona

Mwezi uliopita tulikuwa na harambee ya familia kwenye Zoom, bili ya hospitali ya mtoto wa binamu yangu. Nusu ya watu wako Mombasa na Kilifi, wengine Ujerumani, Uingereza, na wawili wako Doha. Mara ya kwanza tulipofanya hivi kazi yote ya kutangaza alikuwa nayo mjomba, mweka hazina wetu, simu mkono huu miwani mkono huu, "ngojeni kidogo, imeingia ya nani hii", na wakati anatafuta jina mtu mwingine kashaanza kuongea, maiki hakuna aliyezima, fujo tupu. Na harambee usipotaja majina mnajua wenyewe, mifuko inalala.

Safari hii nikasema mashine imsaidie mjomba. Mchango ukiingia, jina litokee kwenye skrini watu wote waone, kengele ilie, na mjomba apate orodha yake bila kuandika. Mimi programu sijui kuandika hata mstari mmoja, kwa hivyo nikaingia kwenye hizi huduma za kuunganisha app na app kwa kuburuta na kubofya.

Nilianza na Zapier kwa sababu ndo inayojulikana. Ni nyepesi kuielewa, sikatai, na kama shida yako ni rekodi ya Zoom ikiwa tayari linki iende kwa watu kwenye email basi komea hapo hapo usijisumbue. Ila kwa mtu wa bure ni kazi 100 kwa mwezi, hatua mbili tu, na ile linki maalum ya kupokea habari papo hapo, wenyewe wanaiita webhook, ni ya wanaolipa. Njia nyingine ya bure ni kuchungulia kila dakika 15. Sasa dakika 15 kwenye harambee, jina linatokea mwenyewe kashazima laptop kaenda kupika!

Make (zamani ikiitwa Integromat, ilianzishwa na Wacheki wa Prague, jina walibadilisha 2022) inakupa webhook hata kama hulipi senti, na habari ikifika inafanya kazi saa ile ile. Bure unapata hatua kama 1,000 kwa mwezi na mipango miwili (mpango ni mlolongo wa hatua) inayotembea kwa pamoja, mimi mmoja nikauweka kwa pesa za nje na wa pili M-Pesa, yaani ilinitosha ukingoni kabisa. Ujue tu hesabu yao, kila kiduara, yaani hatua moja ya mpango, kikifanya kazi kinahesabiwa hata kile cha kupokea. Mpango wangu wa pesa za nje una viduara vitano, hivyo 1,000 gawa kwa 5 ni michango 200. Kwa familia inatosha, kwa msikiti au kanisa kubwa fanya hesabu kwanza.

Pesa za nje zilipitia Ko-fi, tovuti ya kupokelea michango, akaunti ya binamu aliye London. Ko-fi kwenye mchango wa mara moja haikati kitu, PayPal ndo inachukua chake. Hapa nilipoteza jioni nzima kwa ujinga wangu. Ko-fi inatuma habari zote zimefungwa ndani ya kisanduku kimoja kinaitwa data, kama barua ndani ya bahasha, na mimi nikawa natafuta jina na kiasi nje ya bahasha sivioni. Lazima uweke kile kiduara cha Parse JSON kwanza ndo vitu vinafunguka: jina, kiasi, sarafu, ujumbe. Kuna na kitu kinaitwa is_public, usikipuuze hicho. Mtu akichagua ujumbe wake uwe siri kinakuja false, yaani hapana, na usipoweka kichujio ujumbe wake utarushwa mbele ya ukoo mzima, halafu utajieleza wewe. Na ile linki ya webhook usiitupe kwenye grupu, atakayekuwa nayo anaweza kutuma michango hewa. Ko-fi wanaweka neno la siri ndani ya kila ujumbe, mwambie Make alikague kabla ya lolote.

M-Pesa ndo ilinitoa jasho. Ukiwa na Paybill au Till, zile namba za malipo za biashara, kuna Daraja, mlango rasmi wa Safaricom wa kupokea taarifa za malipo, lakini namba ya mtu binafsi haina kitu kama hicho. Nikaweka app ya kusambaza meseji kwenye simu ya Android ya mjomba, kila meseji ya M-Pesa inarushwa kwenye linki ya Make. Majaribio ya kwanza, niko nayo laptop sebuleni, kengele inalia, skrini inaandika ahsante kwa mchango wa shilingi 180. Nikampigia. "Mjomba, nani katuma hiyo?" Akanijibu, "Hajatuma mtu, mimi ndo nimelipa maziwa kwa mama wa duka." Kumbe sikuweka kichujio cha kutenganisha pesa iliyoingia na iliyotoka. Na jingine, meseji ya M-Pesa mwishoni ina salio lako! Usirushe meseji nzima kwenye skrini jamani, kata jina na kiasi peke yake, namba ya simu pia iache.

Sasa tuje kwa Zoom yenyewe, maana hapa matangazo ya hizi huduma yanaweza kukupa picha isiyo sahihi. Wanaandika unganisha Zoom na michango kwa dakika tano, na ni kweli unaweza, mfano mtu akilipa aandikishwe mwenyewe kwenye mkutano atumiwe linki yake, mchango unakuwa ndo tiketi (uandikishaji huo unataka Zoom ya kulipia). Lakini kuchukua jina na kulitokeza katikati ya mkutano unaoendelea, Make hana kiduara cha hiyo. Nilizunguka siku mbili nikikitafuta.

Dawa ni OBS, programu ya kuchanganya picha na maandishi kwenye video, ni bure, toka 2020 ina kamera ya bandia ndani yake. Make anapeleka habari Streamlabs, huduma ya kutokeza kengele kwenye video, ambayo inakubali kupokea kengele kutoka nje, Streamlabs anakupa linki ya kisanduku cha kengele, unakibandika ndani ya OBS juu ya picha yako, halafu kwenye Zoom unachagua OBS kama kamera. Watu wanakuona wewe na majina yanapita chini. Google Meet pia inakubali. Mimi nilipoona maandishi yamegeuka kushoto kulia nikakaa nusu saa nayageuza, kumbe Zoom inakugeuzia wewe tu kama kioo, wenzako walikuwa wanaona sawa mpaka nilipoharibu. Na sauti haipiti kwenye kamera hiyo, kengele unasikia peke yako, mpaka ushee sauti ya kompyuta. Ukitegemea maiki iidake kwenye spika, Zoom inaiona kelele inaifuta.

Zoom tulilipia mwezi mmoja, ya bure inakata dakika 40 na kwetu dakika 40 dua na salamu hazijaisha.

Siku yenyewe ilikwenda vizuri. Majina yalikuwa yanatokea, orodha inajijaza Google Sheets, mjomba anapata ujumbe Telegram (grupu la WhatsApp la kawaida sikupata njia rasmi ya kuliingiza), na kwa mara ya kwanza aliweza kukaa akaongea kama mwenyekiti. Make nampa nne kwa tano, moja nimeikata kwa sababu ya makosa yanavyoandikwa kwa lugha ya mafundi.

Kitu kimoja tulibadilisha katikati. Iliingia pauni 200 kutoka Uingereza, skrini ikaandika hivyo kwa herufi kubwa, kengele ikalia, halafu kimya. Dakika kadhaa hakuna kitu cha M-Pesa kilichoingia. Shangazi akaniandikia pembeni, "Mwanangu toa hizo hesabu, acha majina tu, mimi na mia mbili yangu ya shilingi nitapita wapi hapo." Nikafuta kiasi kwenye kiduara cha Streamlabs, sekunde kumi, kwenye Sheets nikakiacha aone mjomba. Wa kwanza kutokea baada ya hapo alikuwa shangazi, na nyuma yake wakafuatana kumi na moja.